Kuchanga siyo kusaidia

Kuna kitu kimekuwa kinanikereketa muda mrefu na leo nimeamua nikiandike tu. Ni kuhusu haya maneno mawili, kusaidia na kuchanga. Siku hizi kwenye magrupu ya wasapu watu wanayatumia kama vile ni kitu kimoja, mtu ana harusi ya mwanae anaandika "naombeni msaada wenu ndugu zangu", mwingine kafiwa watu wanaambizana "jamani tumsaidie mwenzetu", afu kesho yake mtu huyohuyo anaandika "tuchange". Na mimi nasema hapana, hayo siyo maneno ndugu, yametoka sehemu tofauti na kila moja linamweka mtu sehemu tofauti, na ukikosea kuyatumia unaweza kumshusha mtu heshima yake bila kujua.

Tuanze na kusaidia maana hili halina mambo mengi. Kusaidia limetoka kwenye Kiarabu, saa'ada, na msaada nayo ni hukohuko, musaa'ada. Mzizi wake ndo huohuo uliotoa majina ya kina Saidi, Saada, Masoud, yaani mambo ya heri na bahati njema, wazee wa pwani bado wanaomba dua wanasema "heri na saada". Na kitu kingine kizuri, kwenye Kiarabu saa'id ni mkono, ule kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo. Kwa hiyo ukimsaidia mtu kuna picha ya mkono hapo, na hata sisi wenyewe tumeendelea na mkono, tunasema mkono wa pole, mkono wa heri, kuunga mkono. Neno zuri sana wala sina ugomvi nalo.

Ila angalia linavyokaa mdomoni. Nisaidie. Msaidie. Tukusaidie. Kila mara lazima kuna mtu anayepewa, ukisema "nasaidia" bila kumtaja mtu au kitu, aliyekusikia atakuuliza unamsaidia nani. Kuna mwenye mkono na kuna aliyenyooshewa mkono. Mmoja anacho mwingine hana. Ndo maana watu wazima wengi, hasa wazee wetu wa kiume, neno "nisaidie" linawakaba kooni, atakuzunguka na habari za mvua na mahindi nusu saa nzima kabla hajalitoa.

Sasa njoo kwenye kuchanga. Hili ni la kwetu kabisa, la Kibantu, na maana yake ya zamani haina uhusiano wowote na kumpa mtu kitu. Maana yake ni kuleta pamoja, kukutanisha. Ushahidi upo wazi kwenye maneno tunayotumia kila siku. Wacheza karata wanasema "changa karata", yaani zile karata zilizotawanyika zirudishe ziwe fungu moja uzivuruge upya. Na angalia hii: gawa, gawana, gawanya. Afu changa, changana, changanya. Njia ileile kabisa! Unagawa, mnagawana, kitu kinagawanywa, na huku unachanga, mnachangana, kitu kinachanganywa. Kwa hiyo kuchanganya unga na maji, shule ya mchanganyiko, hata ule mtaa wa Changanyikeni kule nyuma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyote ni watoto wa kuchanga. Mimi nilivyoliona hili nilifurahi sana, nikawa namwambia kila ninayekutana naye, maana kuchanga na kugawa ni kama mlango mmoja, mmoja unaingia mwingine unatoka.

Na wala siyo Kiswahili peke yake. Chukua neno cheka. Wanyarwanda wanasema guseka, Waganda okuseka, Wazulu kule Afrika Kusini ukuhleka. Umeona hiyo ch yetu inavyogeuka s kwa hawa na hl kwa wale? Sasa fanya hivyohivyo kwa changa. Kinyarwanda na Kirundi wana gusanga, kumkuta mtu, kumfuata ukaungana naye. Waganda wana okusanga, kukuta. Wazulu wana ukuhlangana, kukutana, na mkutano wao unaitwa umhlangano. Yaani lile neno ambalo kwetu limeishia kwenye kadi za harusi na daftari la msiba, kwa wenzetu mpaka leo ni kukutana tu. Tamu kuliko yote ni hili la Rwanda na Burundi: gusangira. Ukilikata kata lina umbo lilelile la changia yetu, na wao wanalitumia kwa kula pamoja au kunywa pamoja, watu mmezunguka chakula kimoja au kinywaji kimoja. Ukimwambia Mrundi tusangire hajakuomba hela na hajakupa hela, mmekaa tu chini mnakula.

Na hata sisi hiyo maana tunayo, ni vile hatuistukii. Aliyewahi kupanga Dar anaijua: "chumba kizuri, umeme luku, ila choo cha kuchangia". Au "hao ni ndugu wa kuchangia baba". Au yale matangazo ya ukimwi tuliyokua nayo, usichangie sindano, usichangie nyembe. Hapo hakuna anayempa mwenzie kitu, wote wako ndani ya kitu kimoja. Choo cha kuchangia hakina mfadhili wala mfadhiliwa, kuna zamu ya kufagia basi.

Kwa hiyo hoja yangu ndo hii. Kuchanga kwa asili yake hakuna mtu wa juu na mtu wa chini. Tunachanga. Tunachanga nini? Hela, mchele, nguvu, vichwa. Mhusika ni sisi, na kinachochangwa ni kitu, mtu anayepokea hata hatajwi. Na mwenye shughuli naye ni mmoja wa wanaochanga, tena wa kwanza.

Hili la mwenye shughuli kuwa wa kwanza watu wanalisahau, ila nenda kwenye kikao chochote cha harusi kinachojielewa ukaone. Nimekaa kwenye kamati nyingi, nyingine kama mjumbe nyingine kama mweka hazina, na mwendo ni mmoja. Watu wanafika saa kumi na mbili kwa ratiba ya saa kumi, sala fupi, utambulisho, anachaguliwa mwenyekiti, katibu, mweka hazina, zinapangwa kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo, usafiri na burudani. Afu kabla mtu yeyote hajaahidi hata shilingi, lazima ataibuka mzee mmoja mwenye busara zake aulize, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kufahamu, familia ina kianzio gani?" Kianzio! Hapo kimya, baba mwenye mtoto anasimama, anakohoa, anasema sisi kama familia tumeanza na kiasi hiki. Hata kama ni kidogo watu wanapiga makofi. Na kuanzia hapo kikao kinachangamka, baba mkubwa anaahidi, shangazi wa Mwanza anapigiwa simu anawekwa kwenye spika anaahidi, majirani wanaahidi, vijana wa bodaboda wa kijiweni wanasema sisi msafara ni wetu.

Familia ikisema haina kianzio kabisa, kikao kinapoa. Mimi sijawahi kuona watu wakisema wazi kwanini, ila sababu ni hiyohiyo. Walikuja kuchanga, wakakuta wanaombwa kusaidia.

Na ile kadi yenyewe ya mchango, isome vizuri siku ukipewa. Inaanza na familia ya bwana na bibi fulani inayo furaha kukutaarifu kuhusu harusi ya kijana wao mpendwa, inaenda inaenda, mwisho inasema "tunaomba mchango wako wa hali na mali". Wa hali na mali! Maneno manne tu ila yamebeba kila kitu. Mali tunaijua. Hali ndo wewe mwenyewe, miguu yako, sauti yako, kuamka alfajiri kwenda sokoni Kisutu kufuata kuku, kukesha unachambua mchele na kina mama, kusimama mlangoni kupokea wageni, hata dua. Zamani mtu asiye na kitu mfukoni alikuwa anachanga hali na anaheshimika sawa na mwenye pesa, maana bila yeye pilau isingeiva. Siku hizi hali imebaki kwenye kadi, wanaopika ni watu wa kukodiwa, wapambaji wa kukodiwa, mpaka wa kusimama mlangoni ni wa kukodiwa, kwa hiyo kilichobaki kuchanga ni hela tu, na kwa hela ndo watu wanatofautiana. Halafu kadi yenyewe ya kuingilia ukumbini imeandikwa singo kiasi fulani, dabo kiasi fulani, ukichanga chini ya hapo huingii. Hiyo jamani ni tiketi! Tuite tiketi basi, watu wajue wananunua nini, tusilibebeshe neno mchango mzigo usiokuwa wake.

Nina hasira na hilo kwakweli, maana nimeona bibi aliyemlea bibi harusi tangu mdogo, hana mali, ana hali tele, anaulizwa mlangoni kadi yako iko wapi.

Kitu kingine ni ile listi ya wasapu. Kila usiku katibu anaibandika upya kwenye grupu, namba moja fulani laki mbili tiki, namba mbili fulani laki moja amepunguza elfu arobaini, namba tatu fulani ahadi bado. "Amepunguza" maana yake amelipa kipande cha ahadi yake, na hili neno nalipenda sana, yaani ahadi ni deni na wewe unalipunguza taratibu kadri unavyopata. Kuna watu wanaichukia hiyo listi wanasema ni kuaibishana. Mimi naitetea. Kitu mlichochanga lazima kionekane na wote waliochanga, ndo tofauti yake na msaada, msaada mtu anaweza kukupa gizani na ikawa vizuri zaidi, hata dini zinafundisha hivyo, ila mchango wa gizani ni mwanzo wa wizi.

Ukitaka kuona kuchanga kwa sura yake halisi ambayo haijaharibiwa sana nenda msibani. Pale uswahilini kwetu turubai likishafungwa tu na majamvi yakatandikwa, kinachofuata ni meza moja ndogo na kaunta buku. Anakaa mtu mmoja anayeaminika, mara nyingi katibu wa chama cha mtaa, vile vya kufa na kuzikana, amepiga mistari kwa rula: namba, jina, kiasi. Na ile kiasi siyo hela tu. Nilishawahi kukaa karibu na hiyo meza nikawa nasoma ukurasa, elfu tano, elfu mbili, elfu kumi, mchele kilo tatu, kuni mzigo mmoja, elfu moja, ndoo tano za maji, na mama mmoja wa genge yeye ameandikiwa nyanya na vitunguu. Vyote kwenye safu moja, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja. Elfu kumi ya mwenye duka iko juu ya nyanya za mama genge na wala hakuna aliyezitafutia safu yake ya pembeni.

Wenzetu wa pwani na Visiwani wana neno lao, ubani. "Nimekuja kutoa ubani." Kwa asili ubani ni ule wa kufukiza, lakini limekuja kubeba hela ya pole inayopelekwa kwa wafiwa. Bara tunasema rambirambi. Yote sawa, ila yote yanaingia kwenye daftari lilelile.

Afu baada ya kuzika, kabla watu hawajatawanyika, mtu anasimama anasoma mapato na matumizi mbele ya watu wote. Tumepata kiasi fulani, sanda au jeneza kiasi fulani, wachimba kaburi, chakula, usafiri, kilichobaki ni hiki tunamkabidhi mfiwa. Mimi nimefanya kazi ofisini miaka mingi na nakwambia hakuna taarifa ya fedha inayosomwa kwa uwazi kama ile, mbele ya wenye uchungu, na mwenye swali anauliza palepale. Daftari lenyewe familia inalitunza. Miaka inapita, msiba ukiingia kwa jirani, mama anafungua kabati anatoa lile buku anaangalia, hawa kwetu walikuja na nini? Wengine wanaona hiyo ni kuhesabiana. Ni kweli watu wanahesabiana, ila ndo inavyotakiwa, msaada ndo hauhesabiwi. Mchango unazunguka, leo kwangu kesho kwako, na asiyezunguka anajulikana, kila mtaa una yule mtu ambaye misiba yote haonekani, siku ya kwake watu wanaenda ndiyo ila wanaenda wachache na wanaondoka mapema.

Nisije nikaonekana nazungumzia pilau na misiba tu, hata nchi hii imeanza kwa kuchanga. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na haikuchukua hata mwaka mmoja Mwalimu Nyerere akatakiwa kwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ilikuwa Machi 1955. Nauli ya ndege kwenda Marekani kipindi kile, kwa chama cha watu waliokuwa wanaishi kwa mishahara midogo na vibiashara, ilikuwa siyo mchezo. Watu walichanga. Sasa jiulize, walikuwa wanamsaidia Nyerere? Hata kidogo! Safari ilikuwa yao. Na hiyo tabia haijafa kwenye siasa zetu, Machi 2020 viongozi wa CHADEMA walipohukumiwa na mahakama ya Kisutu kulipa faini ya jumla ya shilingi milioni 350 au wakae jela, wanachama na mashabiki wao walichanga kwa simu na kwa mkono mpaka wakatolewa. Uwe unawapenda au huwapendi hiyo ni pembeni, mimi nazungumzia kitendo chenyewe. Hata Yanga msimu wa 2018/19 hali ya fedha ilipokuwa mbaya kocha Mwinyi Zahera alisimama mwenyewe kuhamasisha mashabiki wachangie timu, na watu wakatoa, maana timu ni ya nani kama siyo yao.

Wakenya wao wana harambee, wanachanga pia na neno kuchanga wanalo, ila harambee ndo limebeba bendera tangu Kenyatta alipolinadi siku ya Madaraka, Juni 1, 1963, mpaka likaingia kwenye nembo ya taifa. Ni neno la watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, mmoja anaita wengine wanaitika. Shule nyingi za sekondari kule zilijengwa hivyo. Ila nao yamewakuta, harambee ikageuka jukwaa la wanasiasa kuja na mabunda ya hela kupiga picha, mpaka Julai 2024 baada ya yale maandamano ya vijana Rais Ruto akatangaza kuwazuia maofisa wa serikali na watumishi wa umma kushiriki hizo harambee. Kitu kilichokuwa cha wengi kutoa kidogo kidogo kikawa cha mmoja kutoa kingi mbele ya kamera. Hapo kuchanga hakuna tena, kuna mtu anasaidia na kuna watu wanapiga makofi.

Na sisi tuna ugonjwa wetu, tofauti kidogo, upo ndani ya neno lenyewe. Sikiliza hivi vitatu: changa, changia, changisha. Changa, tuko wote. Changia, ameingia mtu au jambo linalopokea, bado ni sawa, ndo wabunge wanasema "nashukuru Mheshimiwa Spika kwa kunipa nafasi na mimi niweze kuchangia hoja iliyopo mezani". Changisha, sasa ameingia mtu anayewafanya wengine watoe. Akiwa ni mmoja wenu mmemtuma, hakuna shida, mweka hazina kazi yake ndo hiyo. Akiwa ni mtu mwenye mamlaka juu yako, ile hiari inaondoka polepole ila jina linabaki lilelile.

Mwaka 1993 hospitali za serikali zilipoanza kutoza wagonjwa, haikuitwa malipo, iliitwa uchangiaji. Kuchangia gharama za matibabu. Mama anafika na mtoto ana homa, anaambiwa achangie kwanza. Sikatai kwamba serikali ilikuwa na hali ngumu kipindi kile na sikatai kwamba kuna makundi yaliwekewa msamaha, watoto wadogo, wajawazito, wazee wasio na uwezo. Naongelea neno. Kitu ambacho ukikosa hupati dawa siyo mchango, ni bei, na mtu akitajiwa bei anajua pa kuanzia, anaweza kuuliza mbona kubwa. Ukimwambia ni mchango unamfunga mdomo, maana nani anataka kuonekana hataki kuchanga?

Shuleni ndo kabisa. Ada ilishafutwa, elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za msingi na sekondari za serikali mpaka kidato cha nne, ila ada ikarudi kwa jina la mchango, mchango wa mlinzi, mchango wa uji, mchango wa mitihani, mchango wa madawati, mpaka Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku kwa ukali michango ya kulazimisha watoto. Na bado. Shule moja mtaani kwetu, sitaitaja, mtoto wa jirani yangu alirudishwa nyumbani saa tatu asubuhi na begi lake mgongoni kwasababu hela ya mtihani wa majaribio haijakamilika. Darasa la nne. Anauliza mama yake, "mama, kwani mimi sijachanga?" Mtoto wa miaka kumi anajiona yeye ndo amekataa kushirikiana na wenzie. Hilo ndo linaniuma, kwamba neno la watu kukutana linatumika kumtoa mtoto nje ya geti.

Mzazi akishirikishwa ni kitu kingine kabisa jamani. Shule hiyohiyo kuna kipindi wazazi waliitwa kikao kuhusu choo cha wasichana, mwalimu mkuu akaweka mezani kilichopo, hesabu ya matofali na mabati, mafundi wawili ambao ni wazazi wakasema sisi nguvu zetu, wengine wakaleta mchanga, wengine hela, wengine waliokuwa hawana kitu wakaja Jumamosi kusomba maji. Kianzio kilikuwepo, hali ilikuwepo, mali ilikuwepo na hesabu zilisomwa. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani na choo kipo.

Kwa hiyo mimi kwenye grupu huwa naangalia. Mtu akipata tatizo la ghafla, nyumba imeungua, amebaki na nguo alizovaa, hapo nasema tumsaidie, bila kona kona, huyo anahitaji mkono na hana cha kuweka kwenye fungu. Ila harusi, msiba, kipaimara, ujenzi wa msikiti, timu ya mtaa, hapo ni tuchange, na namwambia mhusika usiandike "naomba msaada", andika umeanza na nini. Hata kama ni elfu ishirini na sufuria mbili za kuazimisha, andika. Hiyo inabadilisha kila kitu kwa namna watu wanavyoitikia, na yeye mwenyewe anatembea kichwa juu.

Kuna mchango mmoja nimeuacha makusudi mpaka hapa. Damu. Nchi nzima tunasema kuchangia damu, Mpango wa Taifa wa Damu Salama wanasema hivyo na mtaani hivyohivyo, na sijui kama kuna sehemu nyingine neno limekaa pazuri kuliko hapo. Una mgonjwa wodini, wanaambiwa ndugu waje wachangie. Unatoa chupa yako, inaandikwa namba, inapimwa, inahifadhiwa, mgonjwa wako anapewa inayoendana na kundi lake na mara nyingi siyo ile uliyotoa wewe. Yako itaenda kwa mama aliyejifungua huko usikokujua. Huwezi kumdai na yeye hawezi kukushukuru, ukimuona kwenye daladala hamjuani. Zote zimeingia kwenye fungu moja na kila mtu anachota hapo siku yake ikifika.

Uwe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 na kuendelea, afya nzuri, wanaume kila baada ya miezi mitatu na wanawake miezi minne. Usisubiri mpaka uwe na mgonjwa ndo uende unakimbia kimbia kutafuta ndugu getini. Kadi yangu inaonyesha mwezi ujao naruhusiwa tena, na kwaya yetu tumeshakubaliana tunaenda wote Jumamosi ya kwanza baada ya mazoezi, wenye kilo pungufu watakuja kubeba maji na juisi.